Kwa Nini Kasino Yapendwa?

Majuma machache yaliyopita alifika ofisini mwetu mama mmoja wa makamo, Mkristo mwema, ameshika mkononi barua ya shule. Mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nayo ada ilikuwapo. Mama mwenyewe aliihesabu na kuifunga katika pindo la khanga. Lakini mumewe, mtu mwenye kazi nzuri na asiyeonja pombe, aliichukua usiku akaenda nayo kasino. Mama yule hakulia, wala hakumlaani mumewe. Aliuliza neno moja tu: "Padre, huko wanampa nini ambacho mimi sina?"

Nilimjibu haraka haraka juu ya tamaa ya fedha, naye akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Tangu siku ile jibu langu lanisuta, maana nililijibu swali lake kana kwamba ni dogo, kumbe ndilo swali lenyewe. Sisi wahubiri twapenda kuieleza kasino kama shimo la giza. Mtu akiingia humo mara ya kwanza aona taa, zulia, hewa ya baridi, na kijana mwenye tai anayemwita mheshimiwa. Hapo husema moyoni, "Kumbe padre hakuwahi kufika," na tangu siku hiyo hatusikilizi tena. Basi tuseme kweli: kasino yapendeza. Imejengwa ili ipendeze, na watu wenye akili nyingi wameishughulikia kazi hiyo kwa karne karibu nne.

Neno lenyewe ni la Kiitaliano, na asili yake ni nyumba ndogo. (Msomaji asicheke. Kiswahili nacho kina nyumba ndogo yake, na mke aliyepatwa na zote mbili atakuambia kwamba mshahara huishia njia ile ile.) Mwaka 1638 Serikali ya Venice ilifungua nyumba ya kamari, jina lake Ridotto, ili mchezo uchezwe mbele ya macho yake, mwaka 1774 Serikali hiyo hiyo ikaifunga. Lakini aliyewafundisha wengine namna ya kumpokea mchezaji ni Mfaransa François Blanc, aliyeishika kasino ya Monaco mwaka 1863. Monaco ilikuwa enzi ndogo na maskini katika pwani ya bahari ya Mediteranea. Blanc hakutegemea meza za kamari peke yake: palikuwa na hoteli, bustani, na muziki. Reli ilipofika mwaka 1868, wageni wakamiminika, hata mwaka uliofuata mtawala akaweza kuwasamehe raia wake kodi. Na raia hao, je? Hao wamekatazwa kucheza humo. Mpishi anayewakataza wanawe chungu anachowapakulia wageni, huyo ajua alichotia ndani.

Alichotia ni hesabu, tena hesabu isiyofichwa. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Mtu akiweka shilingi 1,000 juu ya kila namba, atakuwa ametoa 37,000. Namba moja itashinda. Atalipwa 35,000 pamoja na ile 1,000 aliyoiweka juu yake, jumla 36,000. Ile 1,000 iliyobaki ni ya mwenye nyumba. Gurudumu la Kimarekani lina matundu 38, na malipo ni yale yale. Hakuna haja ya kumwibia mtu hata senti moja. Yatosha kumfanya asiondoke upesi. Tarehe 18 Agosti 1913, huko Monte Carlo, kijipira kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walirundika fedha juu ya nyekundu, kila mmoja akijiambia kwamba sasa lazima zamu yake ifike. Lakini kijipira hakina kumbukumbu, wala hakijui haki. Kila zungusho ni mwanzo mpya, kana kwamba yale ya nyuma hayakuwako.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mume wa mama yule. Mahali ambapo yaliyopita hayahesabiwi, mtu aliyelemewa aweza kupaona kuwa ni mahali pa kupumzika. Mji wa Las Vegas, katika jimbo la Nevada lililohalalisha kamari mwaka 1931, uliikamilisha sanaa hiyo: kumbi zisizo na madirisha wala saa ya ukutani, ili usiku na mchana vifanane, vinywaji vya bure kwa anayecheza, na fedha kugeuzwa sarafu za plastiki, zisikumbushe unga wala kodi ya nyumba. Kisha zikaja mashine. Mashine humwonyesha mtu picha mbili zilizolingana na ya tatu iliyopita kidogo tu, naye husema amekaribia, ingawa katika mchezo huo hakuna kukaribia. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Natasha Dow Schüll, aliwachunguza wachezaji wa mji huo kwa miaka mingi, akatoa kitabu mwaka 2012. Wengi walimweleza kwamba hawachezi ili washinde. Wacheza ili waendelee kucheza, kwa kuwa mbele ya mashine hawasikii deni, wala ugonjwa, wala ugomvi wa nyumbani. Wengine hata wakishinda huudhika, maana ushindi wawakatiza.

Basi, mama, hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa. Wampa usahaulifu, na wampa mapokezi. Hawamwulizi alikotoka. Hawamkumbushi kosa la jana. Wamwita kwa cheo asicho nacho, mpaka fedha zimwishie. Na zikiisha, yule kijana mwenye tai humwangalia mwingine.

Ni uchungu kwetu kuandika yafuatayo, lakini tuyaandike. Mwanamume yule amesali katika parokia yake miaka kumi na mmoja. Nilipomwuliza ni nani kati ya waumini angalimtembelea kama angekosa Misa mwezi mzima, alifikiri kwa muda, kisha akanitajia namba ya bahasha yake ya zaka. Huko Las Vegas, karibu na kumbi hizo, lipo Kanisa Kuu la Malaika Mlinzi, lililojengwa mwaka 1963, na wageni hutia kapuni sarafu za plastiki za kasino. Twaweza kuwacheka. Walakini watu hao walikuta mlango wa kanisa umefunguliwa mahali pale pale walipopotelea.

Wala Kanisa halifundishi kwamba kila bahati nasibu ni dhambi. Nasi tuliokwisha kuuza tiketi ili tumalizie bati za kanisa twalijua hilo. Katekisimu, katika namba 2413, yaeleza kwamba mchezo huwa mbaya unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine, na kwamba shauku yake yaweza kumtia mtu utumwani. Ada ya mtoto ni kile hasa. Mume hakucheza fedha zake. Alicheza miaka ya shule ya mwanawe. Soma tena mateso ya Bwana katika Yohane, sura ya 19. Askari wameketi chini ya msalaba wapigia kura kanzu isiyo na mshono, na mara Mwinjili ageuza uso wake atuonyeshe mama aliyesimama hapo hapo. Askari hawamwoni. Mtu aliyekaza macho juu ya kura haoni kitu kingine, hata kama kiko juu ya kichwa chake.

Nilimwita yule bwana, naye alikuja, jambo ambalo sikulitazamia. Sikumhubiria. Tulikubaliana kwamba mshahara upitie mikononi mwa mkewe, na yeye mwenyewe akachagua wazee wawili wa Jumuiya yake wawe wakimpitia jioni za mwisho wa mwezi, maana asema hizo ndizo zinazomshinda. Mmoja wao ni mcheza bao hodari, nao hucheza bila kuwekeana kitu. Mwezi wa kwanza aliushinda. Mwezi wa pili alianguka mara moja, akaja kuungama na kumweleza mkewe kiasi alichopoteza. Shule imekubali kupokea ada kwa mafungu matatu, na fungu la kwanza limekwisha kulipwa.