Tawakkul Haiondoi Ukaguzi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa nchi kavu, bahari na anga. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, mimi natoka pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, pande za Palma na Mocímboa da Praia. Kwetu safari ni jambo zito. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, barabara haikuwa salama, na watu wengi walitoka kwa vyombo vya baharini au kwa ndege kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Anayepanda ndege ndogo hukaa karibu kabisa na rubani, husoma dua ya safari, kisha hutulia. Lakini usalama wake umeshikwa pia na mtu asiyemwona: fundi aliyeifunga ndege ile jana usiku.

Juu ya fundi huyo nataka tutafakari. Nimechagua ajali iliyotokea mbali na kwetu, Marekani, kwa sababu chanzo chake kilichunguzwa hatua kwa hatua.

Tarehe 8 Januari 2003, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900D ya shirika la Air Midwest iliruka kutoka Charlotte ikiwa na abiria 19 na marubani 2. Ilipoacha ardhi, pua yake ilizidi kuinuka. Marubani wakasukuma usukani mbele ili kuishusha, lakini mkia haukuitika vya kutosha. Haikupita hata dakika moja, ndege ikaanguka na kugonga jengo la matengenezo hapo hapo uwanjani. Watu wote 21 walifariki.

Uchunguzi ulionyesha nini? Usiku wa tarehe 6, fundi alirekebisha nyaya zinazoendesha bawa la mkiani, lile linalopandisha na kushusha pua. Hakuwa amewahi kufanya kazi hiyo kwenye ndege ya aina ile. Baadhi ya hatua za kitabu cha matengenezo zilirukwa, na mkaguzi aliyekuwa akimwelekeza aliridhia. Nyaya zikafungwa vibaya, bawa likakosa sehemu ya mwendo wake wa kushusha pua. Jaribio la mwisho, ambalo lingefichua kasoro hiyo, halikufanyika. Tena ndege ilibeba uzito kuliko uliohesabiwa, nao ukaelemea nyuma, kwa kuwa makadirio ya uzito wa abiria yalikuwa ya zamani.

Na hapa pana mazingatio makubwa: baada ya matengenezo yale, ndege iliruka mara 9 ikafika salama. Kasoro ilikuwemo muda wote, ikingoja siku ya mzigo mzito.

Wako watakaosema, liandikwalo ndilo liwalo. Ni kweli, hakuna linalotokea nje ya qadari ya Allah. Lakini qadari tumepewa tuiamini, hatukupewa tufiche uzembe wetu nyuma yake. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kuhusu kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa hoja ya kumtegemea Allah, alimwelekeza amfunge, ndipo ategemee. Kwa fundi wa ndege, kufunga ngamia ni kufuata kila hatua ya kitabu, na kulijaribu bawa hadi mwisho wa mwendo wake.

Ndugu wanafunzi, sisi ndio mafundi wa kesho. Miongoni mwetu wapo wahandisi, madaktari, wafamasia na walimu. Anayeingia kwenye mtihani na majibu mfukoni, au anayepika matokeo ya maabara kwa kuwa mhadhiri hakagui, anazoea kuruka hatua. Akifanikiwa mara 9 atadhani hakuna ubaya. Mara ya 10 huenda mbele yake akawepo mgonjwa, au daraja, au ndege yenye abiria 19 waliomwamini bila kumjua. Hiyo ndiyo amana, na itqan katika kazi ni sehemu ya dini yetu kama ilivyo swala.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2005 shirika lile lilisimama hadharani mbele ya wafiwa, likakiri makosa na kuomba radhi. Wafiwa wenyewe ndio walioshikilia jambo hilo. Sisi tumefundishwa kwamba haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Sharti kumwendea mwenye haki. Wasio katika imani yetu walifanya hivyo mbele ya watu. Je, sisi tukimdhulumu mwenzetu katika kazi ya kikundi au katika mali ya jumuiya, humwendea?

Dua ya kupanda chombo, iliyotoka Suratu Zzukhruf, inatukumbusha mambo mawili: kwamba ni Allah aliyetutiishia chombo hiki, wala sisi tusingekimudu, na kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Atarejea msafiri, na atarejea fundi pia, aulizwe alivyoifunga.

Tumuombe Allah awarehemu waliotangulia, awalinde wasafiri wa baharini na angani, aipe amani Cabo Delgado, na atujaalie kuwa watu wa kutimiza amana hata pale tusipoonekana. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.