Mwandishi wa Ujasusi ni Shahidi wa Namna Gani?

Wanavyuoni wa Kishafi hawakubali adui atoe ushahidi dhidi ya adui yake, wala baba kwa manufaa ya mwanawe. Hawamwiti mwongo, wanajua tu kwamba moyo wake umekwisha kuelemea.

Basi mtazame mwandishi wa hadithi za ujasusi. Shujaa ni mwanawe, jasusi wa upande wa pili ni adui yake, naye ataka tumsadiki juu ya wote wawili!

Kwetu mwandishi mashuhuri wa hadithi hizi ni Elvis Musiba, ambaye Willy Gamba wake alituingia majumbani kwa “Kufa na Kupona” mwaka 1974. Vitabu vyake vilisimama upande wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, nao ulikuwa upande wa haki. Wala hatari haikuwa ya kubuni. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. (Ndiyo, kitabu!) Lakini mwaka huohuo Lazaro Nkavandame, aliyekuwa kiongozi wa FRELIMO katika Cabo Delgado, alikwenda akajisalimisha kwa Wareno. Je, hadithi ambayo ubaya wote hutoka ng’ambo, na wema wote ni wetu, ingempa mtu huyo nafasi gani? Haki ya kundi si dhamana ya kila aliyemo, na mwandishi anayelificha hilo hutunyima hofu yenyewe tuliyoifuata kitabuni.

Au mpelekee hadithi ya namna hiyo mzee wa Buhembe, pale Bukoba. Ndege za Idi Amin ziliupiga mabomu mji huo mwaka 1972, na mwaka 1978 majeshi yake yakavamia Kagera. Mzee huyo hana sababu ya kumtetea Amin. Hata hivyo msomee kitabu ambamo kila Mganda ni muovu, uone kama atafika ukurasa wa kumi. Waganda ni jirani zake, lugha za baadhi yao hazipishani sana na Kihaya, na wako waliokimbilia Tanzania wakapigana pamoja na jeshi letu mpaka Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Atakuuliza: hao mwandishi amewaweka wapi?

Kijana wako wa Tanga au Lamu hatauliza. Yeye hakuwaona, na Mganda wa kwanza atakayemjua huenda akawa ni huyo wa kitabuni.