Namba ya Simu ya Mgonjwa

Mgonjwa anapofika mapokezi huulizwa jina, umri, mahali anapoishi na namba ya simu. Huitaja bila kusita, hata kama nyuma yake kuna foleni ya watu wanaosikia. Anaitoa kwa sababu anaumwa na anataka kupona. Baada ya hapo, namba ile ni ya nani?

Tunauliza kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Daktari mmoja, Mkristo mwenye huruma, alitupa namba ya mama aliyekuwa ameanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. "Mchungaji, huyu ni msharika wako, amevunjika moyo. Mpigie umwombee." Tukapiga jioni ileile. Tulimsalimu, tukamwambia tumesikia anaumwa na tungependa kuja kumwombea. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mchungaji, nani amekwambia?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Jumapili iliyofuata hakuja ibadani, na iliyofuata pia.

Daktari hakuwa na nia mbaya, wala sisi hatukuwa nayo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Daktari anayetumia namba ya mgonjwa kumtongoza, au kumuuzia dawa za duka lake, kila mtu atamlaumu. Lakini anayeitumia kwa upendo?

Ziko simu ambazo ni lazima zipigwe. Mgonjwa wa kifua kikuu asipokuja kuchukua dawa na muuguzi akakaa kimya, mgonjwa anaweza kufa, na wa nyumbani mwake wakaambukizwa. Kumpigia ni sehemu ya tiba aliyoijia. Hata hivyo, katika nyumba nyingi simu moja hushikwa na mume, mke na watoto. Ujumbe unaotaja kliniki unaweza kusomwa na asiyehusika, na ndoa ikavunjika. Muuguzi mwenye busara huomba kuongea na mhusika, na akiulizwa yeye ni nani hataji kitengo chake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa. Kiapo cha kale cha madaktari, kinachoitwa kwa jina la Hippocrates wa Ugiriki, nacho kinadai siri. Sisi Walutheri tusingesubiri kukumbushwa na serikali. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, lilidumisha ondoleo la dhambi la faragha, na kila mchungaji anajua kwamba yaliyosemwa pale hayatoki nje. Mbona basi tuliona ni jambo jepesi kupokea siri iliyosemwa mbele ya daktari?

Wengine watasema Bwana Yesu mwenyewe alimweka hadharani mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Tusome tena Marko 5. Aliuliza ni nani aliyemgusa, ugonjwa hakuutaja. Aliyesema yote ni mwanamke mwenyewe. Na yule kiziwi wa Marko 7 alitengwa kwanza na umati, ndipo akaponywa. Yakobo naye, anapozungumzia wazee wa kanisa kumwombea mgonjwa, anasema mgonjwa ndiye awaite. Tumeisoma aya hiyo mara nyingi vitandani mwa wagonjwa bila kuona ni nani anayeita.

Hatusemi mgonjwa aachwe peke yake. Daktari angeweza kumwuliza, "Mama, ungependa mchungaji wako ajue?" Ni sentensi moja tu. Akikataa, daktari amwombee mwenyewe, pasipo kumtaja kwa mtu.

Usharikani tumeacha kutaja magonjwa katika matangazo ya Jumapili, na jina tunalitaja pale tu mwenyewe ameruhusu. Wazee wawili walilalamika kwamba maombi sasa hayana uzito, kwamba hawajui wanaombea nini. Tumewasikiliza, lakini hatujarudi nyuma.

Namba ya yule mama tuliifuta. Tulimwendea kumwomba msamaha; alitupokea mlangoni, akashukuru, hakutukaribisha ndani. Hatujui kama anaendelea na dawa. Daktari yule anajua, na tunapeana naye mkono kila Jumapili baada ya ibada, lakini hatuna haki ya kumwuliza.