Ukweli Unaofika Mahali Pake



Mwaka jana nilimsema rafiki yangu mbele ya kikundi chetu chote cha vijana. Alikuwa ameanza ulevi, na kila nilichosema kilikuwa kweli. Hajarudi kwaya mpaka leo. Nikawa najitetea: si nilisema ukweli tu?

Jibu nilikutana nalo nikisoma kuhusu dawa za saratani. Kuna dawa iitwayo doksorubisini. Inaua seli za saratani, lakini haichagui: nywele zinanyonyoka, na hata moyo unaweza kudhoofika. Wanasayansi wakaifungia ndani ya vifuko vya mafuta vya takriban nanomita 100, yaani vidogo kuliko unene wa unywele mara mamia. Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi ina matundu mapana, hivyo vifuko hupenya hapo kuliko kwenye mishipa mizima. Dawa hiyo, Doxil, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, na madhara yake kwa moyo ni machache zaidi. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuifikisha.

Hapo nikaguswa. Katika Mathayo 18:15 Yesu anatuagiza tumwendee ndugu aliyekosa tukiwa wawili tu. Nilidhani ni suala la adabu. Kumbe ni tiba! Faraghani, ukweli unaigusa dhambi bila kuua heshima ya mtu, na heshima hiyo ndiyo atakayoihitaji ili ainuke.

Ila tusijidanganye. Uchambuzi wa tafiti za wanyama uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya chembe hizo ndogo zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Na Doxil yenyewe inaweza kuchubua viganja na nyayo. Hata neno la upole linaweza kuuma, na linaweza lisifike. Je, basi tunyamaze? Hapana. Kunyamaza ni kuuacha uvimbe ukue, halafu tukajiita wapole.

Jumamosi hii naenda kwake, peke yangu. Kabla ya kugusa habari ya pombe, nitamwomba msamaha. Sijui kama atanifungulia mlango, lakini nitabisha hodi.

Na wewe, kuna mtu uliyemwambia ukweli ukamjeruhi? Mwombee leo, kisha mwendee.

Tafakari njema.