Mlango Usioonekana

Tumeulizwa: Je, mtu afungaye intaneti ya nyumbani kwake kwa neno la siri, si mchoyo kwa jirani? Maana mtandao usio na waya haujui mpaka wa ua; mawimbi yake hupenya ukuta na kufika hata chumbani kwa watu.

Twajibu, si uchoyo. Atumiaye mtandao wetu hutenda mambo yake kwa jina letu. Akilaghai watu, huenda tukaulizwa sisi kwanza. Tena yu karibu na simu na kompyuta zetu zote. Basi yatupasa kubadili neno la siri lililokuja na ruta, tuweke refu lisilokisiwa upesi. Nasi tuchague ulinzi uitwao WPA2, au WPA3 uliotolewa mwaka 2018, wala si WEP wa zamani, ambao udhaifu wake ulidhihirika mwaka 2001.

Lakini jirani mwenye haja, kama mtoto atakaye kusoma, tusimfukuze. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wenye neno lake la siri, tumpe huo. Mlango uliosahauliwa wazi si ukarimu, maana aliyeibiwa hakutoa. Atoaye ni yule ajuaye amempa nani.