Vyombo vya Kazi vya Marehemu ni vya Nani?



Desturi ya kugawana mali ya marehemu twaijua sote. Matanga yakiisha wazee huketi, na kila kitu hutajwa kwa jina lake: shamba la kahawa, mbuzi, nyumba, mtumbwi, nguo, hata sufuria. Mara nyingi mambo hayo yana njia yake, maana shamba laweza kulimwa na yeyote mwenye nguvu, na mbuzi huzaa vile vile ijapokuwa bwana wake amebadilika. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wazee wakikifikia husita, nacho ni sanduku la vyombo vya kazi la mtu aliyekuwa fundi. Hapo watu hutazamana. Huyu asema liuzwe, huyu asema lifungwe na kuhifadhiwa, na yule asema apewe mtoto wa kwanza, ingawa mtoto huyo hajapata kushika patasi tangu kuzaliwa kwake. Leo nataka tulifikiri neno hili pamoja: vyombo hivi ni vya nani kwa haki, na yatupasa kuvifanyia nini?

Tuanze na chombo chenyewe. Randa mpya iliyo dukani Mbinga mjini ni chuma na mti tu. Mwenye fedha ataichukua. Lakini ikikaa miaka thelathini mikononi mwa seremala, mti wake hulika pale kidole gumba kinapokaa, na bamba lake hupungua kwa kunolewa, hata mwenyewe aweza kuitambua gizani kwa kuipapasa. Vivyo hivyo mvuvi wa Liuli alijua kasia lake, na mchonga mitumbwi wa Lituhi alijua tezo lake. Kwa sababu hiyo mjane akiiona randa ile ukutani humwona mumewe. Asiyelijua jambo hili atauliza, "Mbona mwalilia kipande cha chuma?" Aliyefiwa hawezi kumjibu, wala hana haja ya kumjibu.

Walakini chombo kina jambo la pili, nalo ndilo linaloleta shida. Wahenga walisema, "Shoka lisilo mpini halichanji kuni." Nasi twaweza kuongeza kwamba shoka lenye mpini nalo halichanji kama hapana mkono. Wamatengo wa milimani walijua vema. Jembe la kulimia ngoro lapatikana dukani, lakini kuna kazi ya kufyeka majani, kuyapanga miraba, kuyafukia kwa udongo, na kuacha vile vishimo vinavyozuia mvua isichukue udongo wa mlimani. Hiyo haipatikani katika duka lo lote. Mtoto huipata kwa kufuatana na wazazi wake shambani mwaka baada ya mwaka. Basi fundi akifa huacha urithi wa namna mbili. Namna moja ni vyombo, navyo vimo sandukuni, vyahesabika. Namna ya pili ni ujuzi, nao haugawanywi siku ya matanga, kwa kuwa umekwisha gawanywa zamani, wakati mwenyewe yu hai, na kila mtu amekwisha chukua fungu lake au ameliacha.

Neno hili lilitufikia sisi wenyewe. Baba yangu alikuwa seremala katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, kati ya Mbamba Bay na Liuli. Ufundi alijifunza ujanani katika karakana ya misioni, akafanya milango, vitanda, madawati na majeneza, na kutengeneza mitumbwi iliyopasuka. Alipofariki aliacha sanduku la mninga alilolitengeneza kwa mikono yake, na ndani yake mlikuwa na randa tatu, patasi saba, keekee, tupa, nyundo mbili, tezo na pimamaji. Na juu ya ukuta ulining'inia msumeno mrefu wa kupasulia mbao, ule unaovutwa na watu wawili. Sisi watoto tu wanne. Mimi nilikwenda kwenye ualimu, mdogo wangu anayenifuata yumo katika biashara Songea, wa tatu ni mvuvi, na dada yetu ameolewa huko Mbinga katika kahawa. Hapana hata mmoja aliyeshika kazi ya baba. Aliyeishika ni kijana wa jirani, asiye wa ukoo wetu. Alikuja kwa baba akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akashika upande wa pili wa ule msumeno kwa muda wa miaka tisa. Alipewa chakula, nguo, na fedha kidogo siku za sikukuu. Mshahara hakupewa, kwa kuwa mafunzo ndiyo yaliyohesabiwa kuwa mshahara wake.

Siku ya kugawana nilipewa kalamu, kama ilivyo kawaida kumpa mwalimu, nikaandika orodha. Mdogo wangu akasema, "Kaka, sina neno juu ya kijana huyu. Lakini mtoto wangu amechaguliwa kwenda shule ya bweni, na mnunuzi wa chuma chakavu yupo, anapima kwa kilo na kulipa papo hapo. Baba alifanya kazi ili sisi tusome. Vyuma vyake vikimsomesha mjukuu wake, kosa liko wapi?" Neno hili halikuwa la mchoyo, wala hapana aliyelidharau. Tulinyamaza kitambo. Ndipo mama akauliza, "Baba yenu alipougua mgongo, mwaka mzima ule, ni nani aliyevinoa vyombo hivi?" Kila mtu alijua jibu, na aliyevinoa alikuwa ameketi nje pamoja na vijana waliochimba kaburi.

Tukakata shauri hivi. Kijana alichukua sanduku na msumeno, naye akaahidi kumlipa mdogo wangu kidogo kidogo kwa kazi yake, thamani iliyopita ile ya mizani ya chuma chakavu, lakini chini ya bei ya duka. Dada aliomba nyundo ndogo aliyozoea kuichezea utotoni, akapewa. Mdogo wangu alikubali mbele ya wazee. Hata hivyo asema mpaka leo kwamba ada ya shule haingoji mafungu, na ni kweli haingoji. Iliyopungua mwaka ule niliitoa mimi. Nasema haya ili msomaji asidhani kwamba shauri jema ni lile lisilomwumiza mtu.

Sasa tupime shauri hilo, kwa maana liliwashangaza wengi. Watu waliuliza, "Mwawezaje kumpa mtu baki mali ya ukoo?" Swali lao lina nguvu. Mila ya makabila yanayofuata ukoo wa baba humtanguliza mtoto wa kiume wa kwanza, na Sheria ya Mila iliyotangazwa mwaka 1963 iliandika hivyo hivyo, ikamweka mtoto wa kike katika daraja la tatu. Nami sisemi kwamba kijana alikuwa na haki ya kuingia na kulichukua sanduku. Hakuwa nayo. Sanduku lilikuwa letu, na ndiyo sababu ilikuwa juu yetu kufikiri. Mwenye haki ya kutoa anaulizwa swali ambalo mwizi haulizwi: nitampa nani? Kama tungetazama damu peke yake, ningalipewa mimi, mtoto wa kwanza, ninayeshika chaki. Vyombo vingalikaa chini ya kitanda changu vikila kutu, na kijijini watu wangalizikwa katika majeneza yaliyoletwa kwa gari toka mbali.

Tena tazameni Maandiko. Eliya alipochukuliwa, vazi lake liliokotwa na Elisha. Elisha hakuwa mwana wa Eliya kwa damu. Alikuwa mwana wa Shafati, mkulima aliyekutwa nyuma ya ng'ombe akilima. Lakini alimtumikia mzee, akimmiminia maji mikononi, na siku ya kuachana alimlilia akimwita baba. Hatusomi kwamba watu wa ukoo walikuja kuuliza habari za vazi lile. Alilichukua, na jambo la kwanza alilofanya nalo ni kazi ile ile aliyoifanya mwenyewe wa kwanza: aliyapiga maji ya Yordani.

Wengine hawataki kuuza wala kutoa. Hufunga sanduku kwa heshima ya marehemu. Hawa nawahurumia kuliko wote, maana wapenda kweli. Lakini heshima ya namna hii ina adui wawili, kutu na mchwa, nao hawajui heshima. Mtu akitaka kumbukumbu, kitu kimoja chatosha. Nyundo ile ya dada yetu humpa kumbukumbu yote ambayo sanduku zima lingempa, na tena yeye huigongea misumari.

Wengine huogopa. Husema kwamba chombo cha marehemu kikitumiwa na mtu baki kitamletea huyo madhara, au marehemu atakasirika. Waliofiwa wasichekwe kwa hofu yao. Lakini na tuulize: fundi aliyemfundisha kijana kwa miaka tisa, akamshika mkono juu ya randa, je, atachukia kuuona mkono ule ule juu ya randa ile ile? Kama ana la kuchukia, nadhani ni ile mizani ya kilo.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Huko Uingereza, tangu mwisho wa miaka ya 1970, chama kiitwacho Tools for Self Reliance kilikusanya vyombo vya kazi vilivyotumika, wakavisafisha na kuvinoa, wakavipeleka kwa mafundi wa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopata. Na ziwa letu lina mfano wake. Meli Chauncy Maples ilipewa jina la askofu aliyekufa maji katika Nyasa mwaka 1895, ikashushwa majini mwaka 1901. Kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha misioni, ikichukua walimu, wagonjwa na mahubiri kutoka bandari hata bandari. Misioni ilipoiacha katika miaka ya 1950 iliingia katika uvuvi, na baadaye ikachukua abiria upande wa Malawi. Wenyewe walibadilika na kazi ikabadilika, wala jina la yule askofu halikufutika. Lilizidi kusomwa bandarini na watu ambao wasingalilisikia kama meli ingalivunjwa mapema.

Imebaki habari ya vyombo vilivyokwisha kabisa: patasi iliyobaki kipande, tupa isiyo na meno. Hivi vipewe mhunzi kama yupo karibu, maana tupa kuukuu katika moto wake huwa kisu. Wajapani wana desturi ya kuzipumzisha sindano zilizovunjika. Mara moja kwa mwaka mafundi wa kushona huzichoma katika kitu laini, zisikae tena katika ugumu, na kuzishukuru kwa kazi zilizofanya. Sisi hatuna desturi hiyo, wala sisemi tuiige. Lakini kabla ya kukipeleka chuma kwenye mizani, ni adabu kukitazama kwanza.

Basi, ndugu zangu, nina maneno matatu.

La kwanza ni kwenu mafundi mlio hai. Msiwaachie watoto wenu ugomvi ndani ya sanduku. Semeni mapema, mbele ya mashahidi, ni nani atakayepewa vyombo. Na tena andikeni, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana aliyewatumikia bila mshahara mmemwekea deni, hata kama hamkulitaja. Na mama mshonaji asisahau kwamba binti aliyeketi karibu na cherehani yake ana haki ya kutajwa, kama vile binti za Wakisi, kaskazini ya ziwa, wanavyoupokea ufinyanzi kwa mama zao.

La pili ni kwenu warithi. Kabla ya kuuliza bei, ulizeni ni nani aliyekuwa akivinoa. Mkiwa na shida ya fedha msione haya kuisema. Mwacheni anayepokea alipe kwa kadiri ya uwezo wake, naye mwenye nafasi kati yenu abebe kilichopungua. Siku hizi vijana wengi hutoka vyuo vya ufundi wakiwa na cheti mkononi na hawana hata randa moja. Wahenga waliposema, "Kufa kufaana," hawakusema kwamba tuvizie vifo vya wenzetu. Walituonyesha kwamba hata katika hasara mna fungu la mtu mwingine, na ni vema limfikie anayelihitaji.

La tatu ni kwako uliyepewa. Hukupewa chuma tu, umepewa amana. Usikiuze chombo siku ya njaa ya kwanza. Kipake mafuta, kinoe, na ukishakuwa mzee utafute kijana wa kushika upande wa pili wa msumeno. Nawe siku moja utalala, na sanduku litafunguliwa mbele ya wazee, nao watauliza swali lile lile. Wajaalie wapate jibu upesi.