Kuurudishia Mwitu Shamba la Urithi: Je, Ni Haki?

Mzee mmoja wa huku Mbinga alitujia akatuuliza neno lililotunyamazisha kwanza. Shamba alilorithi kwa baba yake liko mteremkoni, juu ya kijito. Mwaka hata mwaka mahindi yake yapungua, na kijito chenyewe kimekonda. Ataka kuacha kulima huko, apande miti ya asili, mikuyu na miombo na mikusu, ili ndege na wanyama wapate makao tena. Lakini mwana wa ndugu yake amemwambia, "Baba mkubwa, wataka kuwalisha nyani urithi wetu?" Basi, ni nani mwenye haki?

Kwanza na tumsikilize kijana, maana maneno yake si ubishi mtupu. Wamatengo walikimbilia milima hii katika karne ya 19 kwa sababu ya vita vya Wangoni, wakakaa mahali pembamba, wakaitunza ardhi kwa akili nyingi. Walichimba ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta. Majani yaliyofukiwa humo yakawa mbolea, na maji ya mvua yakazuiwa yasichukue udongo. Shamba la namna hiyo ni jasho la mababu. Tena nyani na nguruwe hawajui mpaka. Wakipata kichaka karibu, watashukia shamba la mjane jirani, ambaye hakuulizwa neno lo lote. Sadaka itolewayo kwa mahindi ya mtu mwingine si sadaka.

Walakini na tumsikilize mzee pia. Vijito vingi vya milima hii huishia ziwani. Watu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay hawakulima mteremko wo wote wa huku, lakini udongo wake huwafikia. Mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, hupanda mito ili kutaga mayai katika changarawe. Nayo changarawe ikifunikwa na tope, mayai hufa. Basi alimaye ukingoni mwa kijito hula pia kitoweo cha mvuvi asiyemjua. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za kuharibu ndani ya meta 60 za kingo za mito. Kwa hiyo sehemu moja ya shamba lile haikuwa halali kulimwa.

Tena twakumbuka ya kuwa Torati iliagiza ardhi ipumzishwe mwaka wa saba: maskini wale mazao yake, na masazo yawe ya wanyama wa mwituni. Angalieni utaratibu huo. Maskini alitangulia, lakini mnyama hakusahauliwa. Wala mwenye shamba hakuhesabiwa kuwa mwenye yote.

Wengine walimshauri mzee apande mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi na kuleta fedha. Lakini mikaratusi hunywa maji mengi, na karibu na chemchemi ni hasara. Miti ya asili hukawia. Apandaye mninga katika uzee hapandi kwa ajili yake mwenyewe, bali kwa watu asiowajua kwa majina. Hapo ndipo tulipoona ya kuwa mzee na kijana walikuwa wakinena neno moja: wote wawili wawatakia urithi watoto ambao hawajazaliwa bado.

Basi tulimjibu hivi. Ukingo wa kijito na mahali pa mteremko mkali pawe pa miti. Mahali palipo sawa pabaki pa kijana, kwa kahawa na mahindi. Tena asiamue peke yake. Huko Namtumbo na Tunduru vijiji vilitenga ardhi kwa ajili ya wanyama, lakini kwa shauri la kijiji, si la mtu mmoja. Na nyani wakija, mzee na nyumba yake watangulie kulinda shamba la yule mjane kabla ya kulinda la kwao.

Kijana hajaridhika bado, wala hatumlaumu. Lakini amekubali kuchimba mashimo ya miche kabla ya mvua. Nasi twawauliza ninyi msomao: katika shamba lako, ni sehemu gani unayoilima ambayo kwa kweli ni ya mwingine?